Kidole cha Marehemu

Kijana wa usajili wa vitambulisho alimwambia aweke kidole kingine. Rahabu akaweka. Akaambiwa afute mikono, maana wanawake wa dagaa vidole vyao hujaa chumvi na magamba, na mashine haipendi. Akafuta kwenye kanga, akaweka tena vidole vyote, kimoja baada ya kingine. Kijana, ambaye wenzake walimwita Leonardi, alitazama kompyuta, akamtazama Rahabu, akaitazama tena kompyuta.

"Mama, umesema unaitwa nani?"

"Rahabu Martini. Wa Katonga."

"Una uhakika?"

Watu waliopanga foleni nyuma yake wakacheka. "Kamuulize baba yake," mmoja akasema, "labda ndiye hana uhakika."

Leonardi hakucheka. Aliigeuza kompyuta kidogo ili Rahabu aone. Pale palikuwa na uso wake mwenyewe, umekonda, kichwa kimenyolewa, kitambaa cha msiba kimefungwa shingoni. Chini ya uso ule paliandikwa: Merina Martini, mkimbizi, raia wa Kongo, mkuu wa kaya, mtoto mmoja.

"Huyu si wewe?"

"Uso ni wangu."

"Na jina?"

"Jina ni la dada yangu. Marehemu."

Nyuma yake kicheko kilikatika. Leonardi alijikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepewa mashine na hakupewa neno la kusema mashine inapokwama. "Mama," akasema kwa sauti ya chini, "mfumo unasema wewe ni Merina. Nami siwezi kuufuta. Aliyekuandika ndiye anayeweza kukufuta. Rudi kambini."

Rahabu alitoka, akasimama kwenye jua la Kigoma. Hakuja pale kutafuta kitambulisho cha kusajili laini ya simu kama wengi waliokuwa foleni mwisho wa mwaka ule wa 2019. Alikuja kwa ajili ya Agnesi, mtoto wa dada yake, aliyekuwa bado kambini. Habari zilikuwa zimeenea kwamba watu wa kambi watarudishwa ng'ambo ya ziwa, leo au kesho. Rahabu alitaka kumlea mtoto yule Katonga kwa njia ya sheria, na sheria ilikuwa imemwambia jambo moja tu la kuanzia: athibitishe kwanza yeye ni nani.

Ili jambo hili lieleweke, lazima turudi kwenye mkeka.

Merina alikuwa dada mkubwa wa Rahabu. Aliolewa ng'ambo, Kongo, upande wa Fizi, vita ikamrudisha na mtumbwi pamoja na mumewe, wakaandikwa wakimbizi wote wawili na kupelekwa kambini, huko porini upande wa Kasulu. Mume alirudi ng'ambo kutazama shamba lake, hakuonekana tena. Merina akabaki na mimba, akamzaa Agnesi, na kabla mtoto hajajua kusema vizuri, homa ikamchukua mama. Nikodemu, jirani yake, mtu wa ng'ambo pia, ndiye aliyechimba kaburi.

Katika ukoo wa akina Rahabu, uliovuka ziwa zamani za mababu, mtu akifa akaacha mtoto mdogo, jina lake halishuki naye kaburini. Siku ya kuondoa tanga hutandikwa mkeka. Ndugu wa damu hukalishwa juu yake, hufungwa kitambaa cha marehemu, hunyweshwa maji kwa kikombe cha marehemu, na wakubwa humwita kwa jina la marehemu mpaka aitikie. Akishaitikia, amekuwa yeye. Mtoto akilia usiku, huyo ndiye anayeamka. Wala mtoto haambiwi kitu, mpaka awe mtu mzima wa kubeba neno hilo.

Rahabu alikuwa mjane, hakuwa na mtoto. Walipomkalisha, aliitika.

Aliacha chanja zake za dagaa Katonga, akakaa kambini na mtoto, maana mtoto hakuruhusiwa kutoka. Ndipo mashine ikaja. Ilisoma vidole, ikachungulia macho ya watu kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo, na kilichoingia humo hakikutoka. Watu waliifurahia, na walikuwa na haki. Kabla yake, wajanja walichukua mgawo mara mbili na wanyonge wakakosa. Baada yake, mjane alichukua unga wake na hakuna aliyemwambia umeshachukua.

Siku ya kaya yao, kipaza sauti kiliita: Merina Martini. Habari ya kifo ilikuwa imemfikia kiongozi wa mtaa wao kambini, ila haikufika mezani. Wanawake waliokaa matanga wakamgeukia Rahabu. Skolastika, mke wa Nikodemu, akamgusa bega. "Unaitwa, Merina." Rahabu akainuka na mtoto mgongoni, kama alivyoinuka kila alipoitwa kwa jina hilo tangu siku ya mkeka. Wewe ni Merina? Ndiyo. Huyu ni mtoto wako? Ndiyo. Weka kidole, mama, ni kidole tu. Akaweka. Katika umati ule hapakuwa na mtu hata mmoja aliyedhani pamesemwa uongo.

Agnesi alipokua kidogo, Rahabu alianza kwenda na kurudi, akitafuta riziki Katonga na kumwacha mtoto kwa Skolastika. Hivyo ndivyo miaka ilivyopita, hadi siku ile ya Leonardi.

Alipotoka mjini hakwenda moja kwa moja kambini. Alishuka Ujiji kwa baba yake mdogo, Mzee Amuri, ambaye ndiye aliyemkalisha mkekani. Alimkuta amekaa barazani akishona nyavu, ingawa ziwa lilikuwa limemwacha siku nyingi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Merina. Dagaa wameanikwa?"

"Wameanikwa." Akamweleza yote. Mzee alisikiliza bila kuacha kushona.

"Sasa tatizo liko wapi? Waambie wewe ndiye Merina."

"Nikiwa Merina mimi ni mkimbizi, baba. Wakisema watu warudi, tunapakiwa mimi na Agnesi kwenda mahali nisipopajua."

"Na ukiwa Rahabu?"

"Agnesi anakuwa mtoto asiye na mtu. Lakini naweza kumwomba serikalini, nimlee."

"Kumwomba mtoto wako mwenyewe." Mzee akauma uzi, akaukata. "Utakwenda mbele ya watoto wa shule wenye kompyuta, useme Merina amekufa. Utamzika mara ya pili, ofisini, bila hata sanda."

"Mashine inasema—"

"Hiyo mashine ilikalishwa mkeka gani, mpaka imjue Merina kuliko mimi?"

Rahabu aliinuka. Aliagana naye. Mzee akasema bila kuinua macho, "Nenda. Ila huko utakakosema, usinitaje."

Kambini, ofisa wa ustawi alikuwa mwanamke aitwaye Angelina, Muha wa Kasulu, mwenye macho ya mtu anayelala kidogo. Rahabu aliingia na Nikodemu na Skolastika. Pembeni alikaa Meshack, fundi wa mashine, kijana nadhifu aliyependa kugongagonga meza kwa kalamu.

Rahabu alieleza. Hakuficha kitu. Alipomaliza, Meshack alitikisa kichwa. "Mama, vidole havidanganyi. Mfumo huu haukosei."

"Hata wale wenye bunduki, huko kwetu, walituambia hawakosei," akasema Nikodemu. "Mama Angelina, huyu bibi alimzika dada yake mimi nikiwa ndani ya shimo na jembe. Kama Merina yuko hai, basi nirudishiwe jasho langu."

"Baba Nikodemu, ngoja," akasema Angelina, lakini midomo yake ililegea kidogo. "Meshack, andika kwamba mkuu wa kaya amefariki. Tuone."

Meshack akabonyeza hapa na pale. Kisha akaacha kugonga kalamu.

"Nini?" akauliza Angelina.

"Inataka mkuu wa kaya athibitishe kwa kidole."

Skolastika akashika kichwa. "Yaani marehemu athibitishe amekufa."

"Basi tuibebe twende nayo makaburini," akasema Nikodemu, lakini hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Meshack alikuwa amekwisha kupata njia. "Si kitu kigumu. Vidole vilivyomo ni vya mama huyu. Aweke tu, itakubali, tumemaliza."

Akamsogezea kile kisanduku chenye mwanga wa kijani. Rahabu akanyoosha mkono. Ulifika karibu kabisa, ukasimama.

"Siweki," akasema.

"Mama, ni kidole tu."

"Hata mara ile mliniambia ni kidole tu." Akaurudisha mkono mapajani. "Mara ile sikusema uongo. Niliitwa jina nililopewa na watu wangu, nikaitika. Leo nikiweka, nitakuwa nimejifanya maiti inayosema imekufa. Kesho mwingine atafungua humo akute Merina alikuja hapa na miguu yake. Niulizeni mimi. Mdomo ninao. Hawa waliozika wako hapa. Kwa nini mnakiuliza kidole?"

Meshack akamgeukia Angelina, kama mtoto anayengoja mwalimu amkaripie mwenzake. Angelina hakukaripia. "Mama Rahabu," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza siku ile mtu kumwita hivyo, "kuna jambo lazima ulijue kabla hatujaendelea. Mara tu ikiandikwa kwamba Merina hayupo, Agnesi anahesabiwa mtoto asiye na mzazi. Mashine yenyewe itamweka kwenye foleni ya watoto wanaotafutiwa ndugu wa baba, ng'ambo. Hakuna anayebonyeza. Inajiendesha."

"Nani aliamua iwe hivyo?"

"Walioitengeneza."

"Wako wapi?"

"Mbali."

"Wanamjua Agnesi?"

Angelina alitazama dirishani. Nje, watu wa foleni ya siku ile walikuwa wakibishana kuhusu kivuli. "Sikiliza," akasema, safari hii akimwambia Meshack. "Mimi siichukii mashine hii. Imewapa chakula watu waliokuwa wakidhulumiwa mbele ya macho yangu. Lakini kitu chenye kumbukumbu namna hii, kisichosahau na kisichochoka, lazima kiwe na mtu wa kukijibia. Mtu mwenye jina, anayekaa kitini, anayeweza kuambiwa umekosea. Hapa tumeweka mashine, kile kiti tukakiacha kitupu. Zamani tulikuwa na kikao cha masilahi ya mtoto. Tangu hii ije, nimekiitisha lini?"

"Sikumbuki," akasema Meshack.

"Hata mimi sikumbuki. Ilikuwa na haraka kuliko sisi, tukaiachia." Akafunga kompyuta. "Nitakiitisha. Tutaamua sisi, na kila mmoja ataandika jina lake chini ya alichoamua. Wewe pia, Meshack. Wakiuliza huko mbali, wajue wamuulize nani."

Kisha akamwambia Rahabu neno lililokuwa zito kuliko yote. Kikao ni cha mtoto, kwa hiyo mtoto atakuwepo, na yatakayosemwa atayasikia.

Rahabu aliomba jambo moja: aachwe amwambie mwenyewe, kabla.

Alimkuta Agnesi nyuma ya nyumba ya Skolastika, ungo wa maharage mapajani. Alikuwa amefanana na Merina kuanzia paji la uso mpaka ile namna ya kukunja kidole kidogo anapofanya kazi. Rahabu aliketi chini kando yake, akaanza kuchambua naye.

"Agnesi. Mama yako aliitwa Merina."

"Si ndiye wewe."

"Mimi naitwa Rahabu. Merina alikuwa dada yangu. Alikufa ukiwa hujajua kuongea vizuri. Nikapewa jina lake ili usikae bila mama."

Mtoto aliokota kijiwe kwenye maharage, akakitupa. Akaokota kingine.

"Kazikwa wapi?"

"Hapa hapa. Kule juu, kwenye njia ya kuni."

"Tulikuwa tunapita."

"Ndiyo."

"Na wewe unanyamaza."

"Ndiyo, nilikuwa nanyamaza."

Agnesi akauinamia ungo. Alimaliza maharage yote, akaupeleka ungo ndani, na jioni alipotandika mkeka wa kulalia aliusogeza upande wa watoto wa Skolastika. Rahabu alitazama ile nafasi iliyobaki wazi kati yao. Alikumbuka maneno ya Mzee Amuri, akaona mzee hakukosea yote. Kweli alikuwa anazika. Ila mara ya kwanza alizika akiwa amezungukwa na watu, wakimpa jina na kikombe cha maji. Safari hii alizika peke yake.

Kikao kilikaa darasani, maana ofisi haikutosha. Walikuwepo Angelina, Meshack, mwalimu wa Agnesi, muuguzi, na kiongozi wa mtaa ambaye habari ya kifo ilimfikia zamani ile na haikwenda mbele. Huyo alikiri mbele ya wote kwamba alidhani itajifikisha yenyewe. Nikodemu alieleza kaburi. Skolastika alieleza mkeka, kwa utaratibu, kama anayemweleza mgeni jinsi ya kupika, na mwalimu, mtu wa Simbo asiyeijua mila hiyo, aliuliza sana, si kwa kumtega, bali kwa kutaka kuelewa. Kisha wakamgeukia Rahabu.

"Sema wewe," akasema Angelina.

Rahabu alisimama. Agnesi alikuwa ameketi dawati la mbele, akikitazama kifuniko cha dawati. Katika ukoo wao, aliyekalishwa mkekani hasimami kamwe kikaoni kutamka kwamba marehemu wake amekufa. Hata kwenye misiba ya wengine, jina la marehemu wake huliruka.

"Merina amekufa," akasema. "Mimi ni Rahabu. Mtoto huyu ni wa dada yangu, nami nimemlea. Naomba niendelee kumlea, kwa jina langu."

Wakamuuliza Agnesi angependa kukaa wapi. "Sijui," akasema.

Basi wakaamua. Wakaandika kwamba wamesikia watu na wameridhika kuwa mwenye vidole vile ni Rahabu Martini wa Katonga, na kwamba Merina Martini ni marehemu. Wakaandika kwamba mtoto asiingizwe kwenye foleni ya ng'ambo, na kwamba atakwenda kukaa na Rahabu chini ya uangalizi wa ustawi mpaka mahakama itakaposema, iwapo mtoto mwenyewe atakubali, wala asiharakishwe. Kila mmoja akaandika jina lake. Meshack aliandika mwisho. Alishika kalamu akaitazama, kisha akaandika taratibu, jina lote, pamoja na la babu.

Siku ile ile Rahabu alitakiwa aondoke, kwa kuwa kambi ni ya wakimbizi na yeye hakuwa tena mkimbizi. Agnesi hakutoka kumuaga.

Alirudi Katonga, akaanika dagaa, akaanua, akaanika. Mvua za masika zilikuwa zimeanza kupungua alipoitwa tena mjini. Leonardi alimkumbuka. Alimwekea kile kisanduku bila kusema kitu, na safari hii kompyuta ilinyamaza kidogo, kisha ikakubali. "Hongera, mama Rahabu," akasema. Rahabu aliitikia asante. Njiani alijishangaa kwamba hakusikia furaha. Ilikuwa kama mtu aliyerudishiwa nyumba yake ikiwa tupu.

Ujumbe wa Angelina ulikuja baadaye: mtoto amesema atatoka getini kuongea nawe. Hakusema zaidi ya hapo.

Kwenye geti la kambi, mlinzi alimwambia aweke kidole, kama wote. Rahabu akaweka. Mwanga ukawa mwekundu. "Hujulikani hapa, mama," akasema mlinzi, bila ubaya. "Kaa pale kwenye benchi la wageni."

Geti lile alikuwa amelipita miaka yote akiwa na unga kichwani na mtoto mgongoni. Akaenda akakaa na wageni. Walikuja wengine, wakaitwa, wakaondoka. Alijiambia kwamba mtoto ana haki ya kutokuja. Alijiambia hivyo mpaka maneno yakaisha nguvu.

Agnesi alikuja na Angelina, amevaa gauni la shule, mkononi ana mfuko wa nguo. Angelina alibaki nyuma, akaanza kuzungumza na mlinzi juu ya jambo lisilo na umuhimu.

"Shikamoo," akasema Agnesi.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo." Akasimama mbali kidogo. "Babu Nikodemu amenipeleka juu kule. Tumeng'oa majani."

"Mmefanya vizuri."

"Kulikuwa na majani mengi sana."

"Ni kosa langu hilo."

Mtoto alilipima jibu lile. "Sitakuita Merina," akasema.

"Usiniite."

"Na mama bado sijajua."

"Niite utakavyojua. Hata usiponiita, nitakuwa nasikia."

Agnesi akatazama barabara inayoshuka kuelekea Kasulu, na ng'ambo ya hapo, mbali, upande ambao aliambiwa kuna ziwa asilowahi kuliona. "Huko Katonga kuna shule?"

"Ipo. Si mbali na tunapoanika dagaa."

"Wananuka?"

"Wananuka sana."

Agnesi hakucheka, lakini alisogea karibu. Rahabu akainama kuuchukua mfuko. Mtoto hakuuachia, alishika mshikio mmoja wa mfuko, Rahabu akashika wa pili, wakaubeba hivyo wawili, umening'inia katikati yao, mpaka barabarani.